Mkono wa kushoto baada ya AVC (kiharusi), wiki ya sita: siku ambazo hakuna kinezi tufanye nini?

Mtoto wa Nguba

Jambo wandugu. Kinezi (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) tunamwona mara mbili kwa juma. Siku tano zinazobaki ndizo zinanitatiza, kwa hiyo naomba maelezo ya kazi ya nyumbani, si jibu la "mpelekeni hospitali" peke yake.

Papa ana miaka 63. AVC ya mshipa kuziba, upande wa kulia wa ubongo, skana ilionyesha. Tuko wiki ya sita. Anatembea na fimbo mkono wa kuume, ngazi anapanda akishikwa. Anaongea vizuri. Dawa za tansio (shinikizo la damu) anameza kila siku, juzi ilikuwa 138 kwa 84.

Mkono wenyewe uko hivi. Bega anainua kidogo, lakini kila akijaribu kuinua mkono kiwiko kinajikunja na ngumi inajifunga. Kufunga vidole anaweza, hata kwa nguvu. Kufungua ni kidogo sana, kifundo cha mkono nacho kinanyanyuka kama upana wa kidole. Juu ya bega, chini ya mfupa, kuna shimo ambalo kidole kimoja kinaingia. Usiku bega linauma, jioni kiganja kinavimba.

Watu wametupa mashauri mengi: afinye mpira siku nzima, tufunge kamba juu ya mlango ili mkono mzima uvute ule mgonjwa (tumeshafunga), mkono ukae kwenye kitambaa cha shingoni saa zote, mama mmoja wa jirani aje kumkanda kwa maji ya moto na majani. Kipi kinafaa, kipi kinaharibu? Na mazoezi ni mara ngapi kwa siku?

Kinezi_Kadutu

Umeeleza vizuri. Wengi huandika "mkono umekufa" na hapo hakuna cha kujibu.

Kamba ya mlangoni ing'oe leo. Mkono wa mtu mwenye afya ukipanda juu, bapa la bega huzunguka mgongoni, na mfupa wa juu wa mkono hujigeuza kuelekea nje ili upite chini ya paa la bega bila kubana kitu. Kwa Papa misuli inayofanya kazi hizo mbili bado imelala. Kamba haijui hilo, inavuta tu, na kano zinasagwa kati ya mifupa. Mwaka 1990 Kumar na wenzake walilinganisha njia tatu kwa wagonjwa 28: waliotumia kamba ya juu, asilimia 62 walipata maumivu ya bega, waliosogezwa mkono taratibu na mtaalamu, asilimia 8. Kundi ni dogo, lakini tofauti ni kubwa, na inalingana na jinsi kiungo kilivyo. Maumivu ya usiku unayoyataja huenda yana uhusiano na kamba hiyo.

Mkimsogeza ninyi wenyewe, msipite usawa wa bega kwa sasa, yaani digrii 90. Dole gumba litazame juu. Mkono mmoja wa msaidizi ushike chini ya kiwiko, mwingine uweke kwenye bapa la bega na ulisukume mbele pamoja na mkono. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni, inatosha. Ikiuma, rudini nyuma, msilazimishe. Na mtu yeyote asimvute kwa mkono huo, wala kumnyanyua kwa kumwekea mikono kwapani. Akipanda ngazi, msaidizi asimame upande wa kushoto na ashike mkanda wa suruali au kikwembe (kitenge) kilichofungwa kiunoni.

Kitambaa cha shingoni: ndiyo akiwa amesimama, anatembea, na hasa akiwa juu ya pikipiki, maana barabara zetu zinatikisa na uzito wa mkono wote unaning'inia kwenye bega lililolegea. Akikaa, kitoke. Mkono ukikaa saa zote umebanwa tumboni, bega linakauka katika hali hiyo hiyo ya kugeuka ndani, kiwiko kimekunjwa, na baada ya miezi michache mtashindwa hata kumvalisha shati. Akikaa kwenye kiti, weka mto au ubao wenye nguo laini chini ya mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, urefu wa kutosha ili bega lisishuke wala lisipande.

Sasa mazoezi. Kiwiko kujikunja kila anapoinua si uzembe wake. Baada ya AVC amri za ubongo kwa bega, kiwiko na vidole zinashuka zimeshikana, na kadiri uzito anaoinua unavyokuwa mkubwa ndivyo zinavyozidi kushikana. Dawa yake ni kuondoa uzito wa mkono kwanza: meza ndiyo ibebe mkono, yeye afanye kazi ya kunyoosha tu.

Meza iwe usawa wa kiwiko, nyingi ni sentimita 70 hadi 75. Ikiwa juu zaidi, atapandisha bega hadi sikioni, na hiyo ni tabia mbaya kuifuta baadaye. Nyayo zote mbili chini, kiti chenye mgongo. Mzungushe kikwembe kifuani, kipite chini ya kwapa zote mbili, mkifunge nyuma ya kiti, kisibane pumzi. Hii si mchezo: asipofungwa atasogea na kifua chote mbele, mtafurahi kwamba mkono umefika, kumbe kiwiko hakikunyooka hata kidogo.

Weka kitambaa kikavu chini ya mkono kuanzia kiwiko, dole gumba juu, na chora mistari mezani kwa chaki kila sentimita 5. Anatelezesha mkono mbele hadi mstari anaoweza, anakaa sekunde 2, anarudi polepole. Mara 15, pumziko dakika moja, mara tatu. Akifika mstari uleule siku tatu mfululizo bila kupandisha bega, sogeza lengo mstari mmoja. Akizoea, badala ya kitambaa asukume chupa tupu ya lita 1 na nusu, halafu yenye maji nusu.

Kifundo cha mkono: mkono umelala mezani, kiganja kinaning'inia nje ya ukingo kikitazama chini, ananyanyua na kushikilia sekunde 3. Akishindwa, geuza dole gumba litazame juu ili asipigane na uzito, na asogeze kiganja kuelekea nje. Mara 10, seti tatu.

Kuhusu mpira, hapo ndipo watu wengi wanapoteza miezi. Papa anajua kufinya tayari. Asichojua ni kuachia. Kila dakika ya mpira ni dakika ambayo hakufanya kazi anayoihitaji. Badala yake mpe chupa ndogo ya plastiki ya nusu lita, tupu. Msaidizi anaiweka kiganjani, Papa anaipeleka juu ya beseni na kuiachia idondoke. Mwanzoni mruhusu kifundo kikunjike chini kidogo, kwa sababu kifundo kikikunjika kano za nyuma ya mkono zinavutika na vidole vinafunguka karibu vyenyewe. Kisha siku baada ya siku dai aachie kifundo kikiwa kimenyooka. Mara 20, pumzika, mara 20 tena.

Hesabu. Katika mazoezi ya kawaida hospitalini mgonjwa mara nyingi hafanyi zaidi ya mara thelathini na kitu kwa kipindi kwa mkono, na hiyo haitoshi. Tafuteni 100 kwa siku wiki ya kwanza, mkipanda hadi 300, mkigawa katika vipindi vitatu vya dakika 20 hadi 30. Wekeni maharagwe mia kwenye bakuli, kila mara moja haragwe moja linahamia bakuli la pili. Mkihesabu kwa kichwa mtadanganyana.

Stajeri_Kin

Samahani mkubwa, sisi darasani tuliambiwa mpira unaongeza ugumu wa misuli, ndiyo maana ukatazwe. Wewe unasema ni kupoteza muda tu?

Kinezi_Kadutu

Ndiyo, kupoteza muda. Mazoezi ya nguvu baada ya AVC hayajaonyeshwa kuongeza ugumu wa misuli, hofu hiyo ni ya zamani. Usimkataze mgonjwa kutumia nguvu. Mkataze kurudia kile anachokijua na kukimbia kile asichokijua. Na usiogope ngumi ikijifunga wakati anapanda ngazi au kupiga miayo, hilo litapita akikaa.

Pia usiwafundishe familia kukaa saa nzima wanamnyoosha vidole. Tafiti zilizokusanywa kuhusu kunyoosha misuli zinaonyesha faida ndogo sana kwa kiungo kukauka. Dakika chache kabla ya mazoezi ili mkono ulegee, basi: dole gumba kwanza, ulishike kwenye shina lake karibu na kiganja, usilivute kwa ncha, likifunguka vidole vingine vitafuata, kifundo mwisho. Muda uliobaki afanye kazi mwenyewe.

Ergo_Ibanda

Nakubaliana na Kadutu juu ya kamba, meza na kifua kufungwa. Siko naye kwenye chupa 300. Ubongo unajifunza kazi yenye maana upesi kuliko mwendo mtupu. Baada ya wiki moja ya kutelezesha kitambaa, mpe kazi.

Panga hivi: sponji kavu ndilo jepesi zaidi, linajibana na linaachika. Halafu vibanio vya nguo. Halafu vifuniko vya chupa za bia ya Primus, ambavyo kila kona ya Bukavu vipo bure: ahamishe kutoka sahani moja kwenda nyingine, mwanzoni sahani ziko sentimita 10 mbali, mwishoni 40, na ya pili ikiwa juu ya kitabu, halafu juu ya kopo. Baada ya hapo kuvipindua, na hapo dole gumba linaanza kazi kwelikweli. Maharagwe mabichi moja moja ni ya mwisho kabisa, msiyakimbilie.

Za mikono miwili: kukunja kikwembe, kufuta meza, kushikilia bakuli kwa kushoto wakati kulia kunakoroga, kushika chupa ya maji kwa kushoto wakati kulia kunafungua kifuniko. Wakati wa kula, mkono wa kushoto ushike tonge la bugali hata kama hautafika mdomoni. Uwe mezani, usiwe mapajani. Kanada, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Janice Eng na wenzake walitengeneza programu ya aina hii, GRASP, ambayo mgonjwa anaifanya mwenyewe au na mtu wa nyumbani: dakika 60 kwa siku, siku 6 kwa juma, wiki 4. Ilijaribiwa kwa watu 103 na waliofanya walipata mkono bora kuliko wenzao. Hakuna mashine ndani yake, ni vitu vya nyumbani tu.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini AVC ya upande wa kulia inalileta mara nyingi: je, Papa anausahau upande wa kushoto? Mwangalie anapokula, kama anaacha chakula cha nusu ya kushoto ya sahani. Anaponyoa, kama shavu la kushoto linabaki. Akipita mlangoni, kama anagonga bega hilo. Ikiwa ndivyo, mazoezi yatashindwa hata yakiwa mazuri, kwa sababu mkono haumo katika hesabu yake. Kaeni upande wake wa kushoto mnapoongea naye, simu na redio ziwe kushoto, na kabla ya kila seti auguse mkono wa kushoto kwa kulia na kuutazama.

Kioo kinasaidia hapo pia. Chukua kioo cha sentimita 40 kwa 60 hivi, kisimame wima katikati ya meza mbele ya kifua, uso ukitazama mkono wa kulia. Wa kushoto umejificha nyuma. Avue saa na pete, la sivyo jicho linagundua ujanja. Anatazama kioo tu na anafungua na kufunga mkono wa kulia polepole, huku akijaribu kufanya vivyo hivyo na ule uliofichwa. Dakika 15, mara mbili kwa siku, wiki 4. Altschuler na wenzake walianza kulijaribu hili kwa wagonjwa wa AVC mwaka 1999, na limeendelea kuonyesha faida. Kingo za kioo zifungwe tepu, msije mkamkata. Akipata kizunguzungu au kichefuchefu, simamisheni.

Utasikia pia juu ya kumfunga glavu mkono usio mgonjwa ili alazimike kutumia ule mgonjwa. Njia hiyo ni ya Edward Taub wa Alabama, na jaribio kubwa la mwaka 2006 lilikuwa na watu 222, miezi 3 hadi 9 baada ya AVC: glavu asilimia 90 ya saa za kuwa macho kwa wiki 2, pamoja na mazoezi ya saa nyingi. Lakini kulikuwa na sharti la kuingia: angalau kifundo kinyanyuke digrii 10, dole gumba digrii 10, na vidole vingine viwili digrii 10. Papa kwa maelezo yako yuko mlangoni, hajaingia. Mpime tena baada ya wiki tatu. Akifika, tumieni ile nyepesi: glavu saa 5 kwa siku, siku 5 kwa juma, wiki 10. Na awe amekaa! Mkono huo wa kulia ndio unashika fimbo. Ukiufunga glavu kwenye ngazi zetu mtapata mfupa wa nyonga uliovunjika juu ya AVC.

Muuguzi_Bagira

Nitajibu la maji ya moto na la kuvimba, wenzangu wamelipita.

Baada ya AVC mara nyingi ngozi ya upande huo haihisi joto sawasawa. Kitambaa cha maji ya moto ambacho mkandaji anakivumilia mikononi kinaweza kumuunguza Papa bila yeye kulalamika, na malengelenge utayaona kesho. Mama jirani akija, maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, yawe vuguvugu, dakika 10, na akande polepole kutoka vidole kwenda kiwiko. Bega asilivute wala kulikunja kwa nguvu "ili lirudi mahali pake". Lile shimo la kidole kimoja halirudishwi kwa kuvuta. Misuli ndiyo inayolishika, nayo inarudi kwa mazoezi. Chale zikataliwe kabisa, hasa ikiwa anameza dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kuvimba jioni: mkono ukining'inia, maji yanashuka. Alale au akae kiganja kikiwa juu kuliko kiwiko, juu ya mito miwili, nusu saa mara tatu kwa siku, huku vidole vikisogezwa. Pete itoke leo kabla haijakwama. Drip na sindano zisiwekwe mkono huo, tansio ipimwe mkono wa kulia. Kama uvimbe unakuja na joto, ngozi inang'aa, rangi inabadilika, na kukunja vidole kunaleta maumivu makali, hiyo si maji tu. Ni ugonjwa wa bega na mkono unaokuja kwa wengine baada ya AVC. Usisubiri wiki, unatibika vizuri ukishikwa mapema.

Usiku akilala upande wa kushoto, kitu ambacho kinaruhusiwa: bega livutwe mbele kwanza, asilale juu ya ncha yake, mkono unyooke mbele, kiganja juu. Akilala upande wa kulia, mkono wa kushoto ukae mbele juu ya mto mnene, kiganja kisidondoke ukingoni.

Maumivu: paracetamol gramu 1, nusu saa kabla ya mazoezi, isizidi gramu 3 kwa siku. Diclofenac na ibuprofen mnazouziwa kaunta, za vidonge na za sindano, hapana: zinapandisha tansio, na pamoja na aspirini zinaongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Tansio ikiwa juu ya 180 kwa 110 kabla ya kuanza, hakuna mazoezi siku hiyo, pigeni simu kwa munganga (daktari). Wakati wa kusukuma asizuie pumzi. Mwambieni ahesabu kwa sauti, atalazimika kupumua.

Mtoto wa Nguba

Aksanti sana. Kamba imetoka. Ni kweli anaacha sombe (majani ya muhogo) ya upande wa kushoto wa sahani, tulidhani haipendi.

Mawili ya mwisho. Kuna mtu anatuuzia mashini ndogo ya umeme yenye vibandiko, anasema inarudisha mkono. Tununue? Na je, wiki ya sita si tumechelewa? Mjomba anasema kisichorudi mwezi wa kwanza hakirudi.

Kinezi_Kadutu

Mjomba amekosea. Mwaka 2021 Dromerick na wenzake walichapisha jaribio la watu 72: kila mmoja aliyepata nyongeza alipewa saa 20 za mazoezi ya ziada ya mkono, ila kwa nyakati tofauti. Waliopewa miezi miwili hadi mitatu baada ya AVC ndio waliofaidika zaidi, kuliko waliopewa katika mwezi wa kwanza. Waliopewa baada ya miezi sita hawakuonyesha tofauti. Papa sasa hivi anakikaribia kipindi kile cha faida zaidi. Saa 20 ni dakika 40 kwa siku kwa mwezi mmoja, tena juu ya kazi ya kawaida ya kinezi. Baada ya miezi sita mkono haufungi mlango, watu wanaendelea kupata nguvu na ustadi, ila kila hatua inadai mazoezi mengi zaidi.

Kuna jambo jingine linaloniambia ana nafasi: vidole vinafunguka, hata kama ni kidogo, na bega linainuka. Uholanzi walipima dalili hizo mbili siku ya pili baada ya AVC. Waliokuwa nazo, asilimia 98 walipata tena kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi 6. Wasiokuwa nazo, asilimia 25. Papa hayuko tena siku ya pili, kwa hiyo msichukue namba hiyo kama ahadi. Inawaambia tu misuli ya kuitazama: inayofungua.

Mashini: soma kilichoandikwa. Nyingi za bei rahisi ni za kupunguza maumivu, mawimbi yanakimbia 80 hadi 100 kwa sekunde bila mapumziko, ngozi inawashwa na mkono haufanyi kitu. Unayotaka inaweza kuwekwa 30 hadi 50 kwa sekunde, upana wa pigo maikrosekunde 250 hadi 300, na ina kuwaka na kuzima: sekunde 5 inavuta, 10 hadi 15 inapumzika, la sivyo msuli unachoka ndani ya dakika tatu. Ichague ya betri, umeme wa SNEL mnaujua. Kibandiko kimoja vidole viwili chini ya kiwiko upande wa nje na nyuma ya mkono, cha pili katikati ya mkono upande huohuo wa nyuma. Ukiiwasha, kifundo na vidole vinyanyuke; vikikunjika, umebandika upande wa mbele. Dakika 20 hadi 30, na kila inapovuta naye ajaribu kufungua. Akiwa anatazama televisheni huku mashini inafanya peke yake, mmetupa pesa. Mwenye betri ya moyo asiitumie, mwenye kifafa asianze bila munganga, ngozi yenye kidonda au isiyohisi kitu msibandike. Kabla ya kulipa, ipelekeni kwa kinezi wenu aiwashe mbele ya Papa. Muuzaji akikataa, mmeshapata jibu.

Ergo_Ibanda

Na kabla ya kununua chochote, ulizeni kituo cha Heri Kwetu au hospitali ya rufaa ya mkoa kama mnaweza kuongezewa kipindi cha tatu kwa juma, hata cha nusu saa. Atele (gango la kushikilia mkono) ya usiku pia wengi watawauzia. Kwa mkono kama wa Papa isiwekwe kwa mazoea tu, haijaonyesha faida kubwa.

Mpigeni video ya simu kila Jumapili, sekunde 30, kazi ileile: kikombe cha plastiki kutoka ukingo wa meza hadi mstari wa tatu, kifua kimefungwa. Mpelekeeni kinezi hiyo video. Ndani yake ataona kama bega linapanda na kifua kinavuta kikwembe, mambo ambayo Papa hatayafanya mbele yake kwa sababu kwa kinezi kila mgonjwa anakaa vizuri.